Usingizi Unaokatwa: Mhadhara juu ya Haja Ndogo ya Usiku kwa Wanawake



Nilipoombwa kuja kusema mbele yenu, bwana aliyeshughulika na matayarisho aliniuliza mada yangu ili aibandike mlangoni, nami nikamwambia kwamba nitasema juu ya wanawake wanaoamka mara kwa mara usiku kwenda kukojoa. Alinyamaza kitambo, akaitazama kalamu yake, kisha akaniuliza kwa adabu kubwa kama hapana namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Na leo nilipofika nimeikuta karatasi mlangoni imeandikwa "Siha ya Akina Mama". Simlaumu. Amefanya lile ambalo kila mmoja wetu hulifanya, na ambalo wagonjwa wangu walilifanya muda wote niliokuwa katika kazi ya uuguzi na ukunga, nalo ni kuja na jambo moja moyoni na kulifunika kwa jina la jambo jingine. Mwanamke huja akasema ana kizunguzungu, ama kichwa kinamwuma, ama mwili umemchoka bila ya kazi, akapewa vidonge vya kichwa akaenda zake, na lau angeulizwa, "Mama, usiku unaamka mara ngapi?", jibu lake lingewapunguzia, yeye na tabibu wake, safari za miezi.

Lugha yetu yenyewe imejaa stara katika mlango huu. Wazee wa mwambao walisema kutabawali, wengine husema kwenda haja ndogo, wengine kwenda msalani, wengine kujisaidia, na bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema "natoka kidogo" hata pale alipokuwa hatoki nje ya chumba chake. Maneno haya ni mazuri, wala sikuja kuyaondoa, kwani mtu asiyejua kufunika neno aghalabu hajui kufunika na siri ya mwenziwe. Illa kulisitiri neno si sawa na kuyaficha maradhi, na sisi wanawake tumeyachanganya mambo haya mawili kiasi ambacho mtu huweza kukaa miaka mitano hapati usingizi wa saa tatu mfululizo, na dada yake wa tumbo moja asijue. Basi mtaniwia radhi leo nikisema mkojo pale ambapo ni mkojo.

Tuanze na kipimo, maana pasipo kipimo kila mtu hudhani hali yake ndiyo ada. Kibofu cha mtu mzima hubeba kiasi cha mililita 300 hadi 500, yaani chupa moja ya soda hadi chupa na nusu hivi, na figo za mtu mwenye siha anayekunywa kwa wastani hutoa takriban lita moja na nusu hadi mbili kwa mchana na usiku. Lau kazi hiyo ingegawanywa sawasawa kwa saa 24, hapana hata mmoja wetu ambaye angelala mpaka asubuhi. Lakini Mola ameweka hikima yake katika tezi moja ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo usiku huzidisha homoni inayoziamuru figo ziyarudishe maji mwilini, na ndiyo sababu mkojo wa alfajiri huwa umekoza rangi na harufu. Mabingwa wa mambo ya kibofu wa nchi mbalimbali, walipokaa kuyasawazisha maneno yao mwaka 2002, walikubaliana kuwa kuamka hata mara moja kwa ajili ya kukojoa kunahesabiwa. Lakini kuhesabiwa si kuitwa maradhi. Anayeamka mara moja, akarudi akalala, hana la kushtaki. Ni pale inapofika mara mbili na kuendelea, usiku baada ya usiku, ndipo athari zinapoanza kuonekana mchana.

Tena kuna tofauti ambayo wengi hawaitambui, baina ya mwanamke anayeamshwa na kibofu na mwanamke anayeamshwa na jambo jingine, kilio cha mtoto, maumivu ya goti, joto, fikira za ada ya shule, kisha maadamu ameshaamka akaona heri apite msalani. Huyu wa pili hana maradhi ya kibofu, ana maradhi ya usingizi, na kumpa dawa ya mkojo ni kumtibu mtu kwa jeraha la jirani yake. Wako pia wanaokoroma sana, pumzi ikawakatika usingizini pasi na wao kujua. Moyo wao hulemewa, ukatoa homoni yake yenyewe inayozihimiza figo kutoa maji, nao wakaamka na kibofu kilichojaa kweli kweli, wakaapa kwamba tabu yao ni kibofu tu. Mwenye habari za mkoromo ni mumewe au bintiye anayelala chumba kimoja naye, na huyo ndiye wa kuulizwa.

Sasa niwaeleze juu ya mama mmoja, mjane aliyekuwa amepita miaka 55, mkaazi wa mtaa wa kale wa Tanga, aliyekuwa akiuza mandazi na chai ya maziwa barazani kwake tangu mumewe afariki. Nilikuwa nikinunua kwake kila asubuhi nikienda kazini, na muda mrefu nilimdhania ni mtu wa hasira tu, kwani siku moja alinipa chenji ya mtu mwingine, na nilipomrudishia alinifokea kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Siku nyingine nilimkuta amesinzia juu ya kigoda, mwiko mkononi, mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Hapo ndipo nilipokaa chini kumwuliza.

Usiku wake ulikuwa hivi. Saa nne huzima taa. Saa sita haja humshika. Saa nane humshika tena. Saa tisa na nusu tena. Na saa kumi alfajiri huamka moja kwa moja kukanda unga. Kila safari ilikuwa na kazi zake: aitafute tochi chini ya mto, ajifunge kanga, alifungue komeo la mlango wa uani, ambalo lilikuwa likilia na kumwamsha mjukuu, ashuke ngazi tatu za saruji ambazo ya pili yake ilikuwa imevunjika pembe, apite karibu na kisima, afike msalani, achote maji kwa kata, na arudi njia ile ile. Hayo yote hayakuchukua zaidi ya dakika kumi. Lakini usingizi ukishachukizwa haurudi kwa kuitwa. Alikuwa akilala chali akisikiliza paa hadi karibu ya kushikwa tena. Ukiyakusanya masaa yake aliyolala hasa, yalikuwa matatu, nayo yamekatwa vipande vipande kama mkate wa maskini.

Lililomwuma zaidi, hata hivyo, halikuwa mandazi yaliyoungua. Alifariki jirani yake wa miaka mingi, mwanamke aliyeshirikiana naye chumvi na kibiriti, na mama yule alikwenda mazikoni, akapika, akaosha vyombo, lakini ilipofika jioni akajifunga baibui lake akarudi kwake, siku zote tatu. Watu wakasema. Walisema anajidai, walisema ana kinyongo na marehemu, na mmoja akasema kuwa tangu biashara imnyookee hawezi tena kulala mkekani na watu. Nilipomwendea nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha nikamwuliza mbona hakulala matangani. Akanitazama kama mtu anayepima kama mzigo huu nitauweza. "Nitalalaje, mwanangu? Chumba kimoja wanawake thelathini, mguu juu ya mguu. Niwaruke watu mara tatu usiku kama mwizi?"

Basi hiyo ndiyo athari ambayo haimo katika vitabu vya tiba, au ikiwamo imo kwa maneno makavu. Mwanamke wa namna hii hupunguza dunia yake kidogo kidogo. Haendi tena kulala kwa binti yake aliyeolewa Korogwe, kwa kuwa kitanda cha wageni kiko mbali na choo. Akisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam hanywi maji tangu usiku uliotangulia, na hukaa safari nzima akihesabu vituo. Usiku wa arusi huondoka mapema, na mumewe, ikiwa anaye, huhamia chumba kingine kwa sababu ya kuamshwa, naye mke akaufasiri uhamiaji huo kwa fasiri yake mwenyewe na kulia peke yake. Wako wanaosifiwa kwa kuamka usiku kuswali, na mwanamke mmoja mcheshi aliwahi kuniambia kwamba watu wanamwita mchamungu ilhali mwadhini wake ni kibofu. Ama kwa wazee hatari iko wazi zaidi: mtu wa miaka 70 anayetoka gizani kwa haraka, usingizi haujamtoka machoni, sakafu imelowa, huanguka, na nyonga ikivunjika katika umri huo, mara nyingi harudi tena kuwa yule aliyekuwa.

Yule mama nilimpa kikombe cha plastiki chenye mistari ya vipimo na daftari la shule, nikamtaka kwa siku tatu apime kila anachokunywa na kila anachokitoa, na aandike saa yake. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa upande wa kanga. Lakini alifanya, au tuseme mjukuu wake wa darasa la tano alifanya, kwani ndiye aliyekuwa akiandika, na juu ya ukurasa wa kwanza aliweka kichwa cha habari kwa hati nzuri: "Maji ya Bibi". Sijapata kusoma kitabu kilichonifundisha zaidi kwa kurasa chache.

Maana ya kupima huko ni hii. Kuamka usiku kwa haja ndogo kuna milango miwili mikubwa, na hapana njia ya kujua mtu kaingilia mlango gani illa kwa kupima. Mlango wa kwanza ni wa kibofu: kinashika kidogo, ama kinawashwa na kuhimiza kabla ya kujaa, na hapo kila safari hutoa akali ya mkojo, labda mililita 100 tu, mchana na usiku vilevile. Mlango wa pili ni wa figo na maji: kibofu hakina neno, kila safari kinatoa mkojo mwingi, isipokuwa mwili umeuacha mkojo wake wa mchana uje usiku. Hesabu wanayoitumia matabibu ni kwamba kwa mtu aliyepita miaka 65, mkojo wa usiku ukizidi thuluthi ya mkojo wa saa 24, huyo ni wa mlango wa pili, na kwa kijana ni hata ukizidi humusi. Na mkojo wa kwanza wa asubuhi huhesabiwa pamoja na wa usiku, jambo ambalo wengi hulisahau na hesabu ikaharibika. Daftari la "Maji ya Bibi" lilionyesha karibu nusu.

Nilimwambia anyooshe mguu. Ukanda wa kandambili ulikuwa umeacha mfereji juu ya unyayo, na nilipobonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki kama katika unga uliokwisha kukandwa. Alikuwa akikaa juu ya kigoda miguu chini tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na maji yalikuwa yakiteremka na kutuama miguuni mchana kutwa. Usiku alipolala, miguu ikawa sawa na moyo, maji yale yakarudi katika damu, damu ikayapeleka kwenye figo, na figo zikafanya kazi yake. Fauka ya hayo kitoweo chake kilikuwa samaki wa ng'onda karibu kila siku, kwa kuwa ni rahisi na hakiozi, na chumvi huyashika maji mwilini kama sifongo. Na fauka ya hayo tena, alikuwa na presha, na katika dawa zake kilikuwamo kidonge cha kukojosha, alichoambiwa akinywe asubuhi, naye akakihamishia jioni kwa hiari yake, maana aliogopa kukimbiakimbia msalani wateja wakiwa wamejaa barazani. Alikuwa, kwa maneno mengine, ameukodisha usiku wake ili aulipie mchana.

Nataka nisisitize kwamba sikumtibu mimi. Miguu iliyovimba inaweza kuwa habari ya moyo, au ya figo, au ya ini, na ziko dawa za presha ambazo zenyewe huvimbisha vifundo. Kwa hiyo alikwenda kwa tabibu, akapimwa, na tabibu ndiye aliyekirudisha kidonge mahali pake. Asitokee mtu hapa akaenda nyumbani na kuacha dawa za presha kwa sababu ya maneno yangu. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe: kila siku baada ya laasiri alilala kitambo na miguu juu ya mito miwili, ili maji yarudi na kutoka kabla ya usiku, chai ya jioni akaileta mbele hadi saa kumi na moja, na ng'onda akamwosha na kumrowesha, kisha akampunguza. Juu ya chumvi upo ushahidi ulionifurahisha: matabibu wa Nagasaki, Japani, walieleza mwaka 2017 habari za wagonjwa waliofanikiwa kupunguza chumvi yao kutoka gramu 10.7 kwa siku hadi gramu 8, na kuamka kwao usiku kukashuka kutoka wastani wa mara 2.3 hadi mara 1.4. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike hata gramu 5, ambazo ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Sisi wa pwani, wenye ng'onda, papa mkavu na achari, tujitazame.

Milango midogo ya mwanamke ni mingi, na baadhi yake nitaipita mbio. Mja mzito huamka kwa sababu figo zake huchuja damu zaidi kwa karibu nusu ya kawaida, na kizazi kinakaa juu ya kibofu; hiyo ni ada, madhali hapana homa wala maumivu ya kuchoma. Uvimbe wa kizazi, ambao ni mwingi kwetu, hukikandamiza kibofu kwa namna hiyo hiyo, na mwanamke hudhani amenenepa. Aliyezaa mara nyingi huweza kushukwa na kizazi, akahisi kitu kizito kinateremka kila anapochuchumaa, na kibofu chake kisiumalize mkojo. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya njia ya mkojo ikawa nyembamba na nyepesi kukereka, na joto la ghafla la usiku likaja kumwamsha kwa upande wake. Kwa ngozi hiyo ipo dawa ya kupaka, na wengi hawajapata kuisikia. Kisukari nacho hujitangaza kwa njia hii, kwani sukari ikizidi katika damu hutoka na mkojo na huvuta maji pamoja nayo. Wazee walijua kuwatazama sisimizi wakikusanyika pale mtu alipokojoa, na tabibu Ibn Sina katika kitabu chake, Kanuni, alikwisha kuandika juu ya kuuchunguza mkojo takriban miaka elfu moja iliyopita. Mwanamke anayeamka usiku, ana kiu isiyokatika, na anakonda, asingoje wiki.

Katika milango hiyo, kwenye kichocho nitasimama kidogo, kwa ajili ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba na wa mabonde ya mpunga. Mdudu wake alionwa na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851, na hukaa kwanza katika konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia binadamu kwenye ngozi anapofua au kuoga kijitoni. Watu wamezoea kukiona kuwa ni maradhi ya wavulana wanaokojoa damu. Lakini wanawake ndio wanaosimama majini kwa muda mrefu wakifua, na mayai ya mdudu huyo hayakomi kwenye kibofu tu, huweza kutua katika mlango wa kizazi na kufanya vidonda vinavyodhaniwa kuwa ni maradhi ya zinaa, mke akatukanwa kwa jambo alilolipata kijitoni akifua nguo za mumewe. Dawa yake, prazikwanteli, iko, na ni rahisi.

Hapa sina budi kusema neno lisilopendeza. Siku hizi mwanamke akitamka tu kwamba anakojoa mara kwa mara, huambiwa ana U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa ya kuua vijidudu dirishani, pasipo mkojo wake kupimwa, na mwezi ujao akapewa nyingine. Ni kweli kwamba maambukizi hayo huwapata zaidi wanawake, kwani njia yetu ya mkojo ina urefu wa sentimita 4 hivi ilhali ya mwanamume hufikia 20, na vijidudu havina safari ndefu. Lakini maambukizi huja na kuchoma, na mkojo mchafu, na maumivu chini ya kitovu, aghalabu kwa siku chache. Aliyekuwa akiamka mara tatu kila usiku kwa miaka minne bila ya kuchomwa hata siku moja, kumpa dawa hizo mara kwa mara ni kumfundisha kijidudu kuzizoea, na siku atakapokuwa na maambukizi ya kweli dawa zikawa hazina kazi.

Wengine hujitibu kwa kuacha kunywa maji. Hilo ni kosa. Kupunguza vinywaji katika masaa mawili au matatu ya kabla ya kulala ni busara. Kujinyima kutwa ni kuufanya mkojo uwe mkali, ukakikereketa kibofu hata kikahimiza zaidi. Katika Ramadhani, kwa kuwa tunakunywa usiku peke yake, kuamka kutaongezeka kwa kila mtu, wala asihesabu mtu siku hizo katika daftari lake. Na yule ambaye mkojo unamtoka mfululizo bila ya kuuzuia, asidhani ameikosa ibada. Fikihi ya Kishafii imempa njia yake, ya kujisafisha, kujifunga na kutawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia. Lakini akumbuke pia kwamba kutokwa mfululizo baada ya uzazi mgumu huenda kukawa ni fistula, nayo hushonwa ikapona.

Jambo moja laweza kufanywa na kila mmoja wetu bila gharama. Mwaka 1948 tabibu wa Kimarekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga, ile ambayo mtu huikaza akitaka kuzuia mkojo. Ikazwe kwa kadiri ya sekunde tano, iachiwe kwa kadiri hiyo hiyo, mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Si wakati wa kukojoa, bali umekaa barazani unachambua mchele na hapana ajuaye. Makungwi waliomo humu wanatabasamu, na ninajua kwa nini. Walikuwa wakiwafundisha wari kuikaza misuli hiyo kabla Kegel hajaandika, isipokuwa walifundisha kwa ajili ya mume. Ninawaomba waongeze somo moja, kwa ajili ya mwenyewe atakapofika miaka 50. Ama vidonge vinavyoiga ile homoni ya usiku vipo, lakini kwa mwanamke mzee huweza kuishusha chumvi ya damu hata akachanganyikiwa au kuzirai, na si vya kununuliwa dirishani.

Nimalize kwa wanaume, ambao nawashukuru kwa kutotoka. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya wanawake wa mitaa duni ya Nairobi, ambao wengi wao hawakuthubutu kwenda chooni baada ya jua kutua, kwa kuhofia kushambuliwa njiani. Sisi huku hofu yetu huenda ikawa nyepesi kuliko hiyo, lakini nani anayejenga nyumba zetu, akakiweka choo mwisho wa ua na chumba cha mama mzee mwanzo wake? Mwana wa yule mama wa mandazi alikuja siku moja na debe la saruji, akaijaza ile pembe ya ngazi ya pili, akatundika taa juu ya mlango wa uani, akalipaka komeo mafuta, na akamnunulia mamake ndoo yenye kifuniko ya kuweka chumbani usiku wa mvua. Kazi ya asubuhi moja. Mama yake alikuwa ameipita ngazi ile iliyovunjika kwa miaka sita.

Karatasi za kupimia ziko juu ya meza karibu na mlango, zimechorwa safu tatu: saa, kilichonywewa, kilichotoka. Kila mmoja achukue mbili, moja yake na moja ya aliyebaki nyumbani, ajaze siku tatu, kisha aende nayo kwa tabibu, na akifika asianze na kichwa wala kizunguzungu. Aanze na karatasi.